Mkanda Mweusi Haukingi Panga

Tangu nianze kufunza karate nimekuwa nikiulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa na akina mama sokoni huku wakicheka: je, baba watoto hukuogopa? Hilo silijibu, humwachia mwenyewe. La pili huulizwa na wanaume, nao hawacheki hata kidogo. Wanataka kujua kama naweza kumwangusha mtu mwenye panga. Mimi huwaambia kwamba nikimwona mtu mwenye panga, mguu wangu wa kwanza huelekea upande ule mwingine. Basi hapo hunitazama kana kwamba nimewauzia mahindi yaliyooza.

Hebu niruhusu leo nikueleze kwa nini jibu langu ni hilo, maana mwaka uliopita lilikaribia kunifungia darasa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mzaliwa wa Bungoma niliyeolewa Kitale. Jumanne na Alhamisi jioni ninafunza Kitale katika ukumbi wa kanisa tunaoukodi. Jumamosi alfajiri napanda matatu, napita Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, ambako tunatumia darasa la shule ya msingi baada ya kusukuma madawati ukutani. Wanafunzi wangu ni watoto wa shule, wasichana wa vyuo, mabawabu wawili, fundi cherehani mmoja na waendeshaji bodaboda kadhaa. Ninachofunza ni Shotokan, mtindo uliotokana na Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka kisiwa cha Okinawa aliyeupeleka mchezo huu Tokyo mwaka 1922. Watu wengi hudhani alikuwa jitu la miraba minne. La hasha! Alikuwa mtu mdogo wa umbo aliyependa kuandika mashairi, na hilo neno Shoto lilikuwa jina lake la utunzi, maana yake ni mvumo wa upepo katika misonobari.

Mimi nilianza mwaka 1991 nikiwa kidato cha pili. Siku hizo vibanda vya video vilikuwa vimezagaa mijini, na ingawa Bruce Lee alikuwa amefariki tangu Julai 1973, kwetu alifufuka kila Jumamosi alasiri. Kaka zangu walitoka huko wakirusha mateke, na migomba ya mama ikateseka. Mimi msichana sikuruhusiwa kukanyaga huko. Karate yangu niliipata kwa mwalimu wa hesabu shuleni, mtu mpole aliyetufanya tupige ngumi moja ile ile hewani mara mia mbili kabla ya kutuonyesha ya pili. Wengi walichoka na kurudi vibandani. Sisi wachache tulibaki, na kufikia mwisho wa muhula tulikuwa tumejua jambo moja tu: jinsi ya kusimama.

Na kusimama kwenyewe si jambo dogo kwetu. Ewe msomaji uliyewahi kufika Bungoma mwezi wa Agosti katika miaka ya namba shufwa, kama vile 2022 au 2024, bila shaka umewaona vijana wakipita vijijini wakipiga chinyimba, zile njuga za chuma, wakiwaalika jamaa zao. Siku ya tohara, alfajiri, kijana husimama wima mbele ya ngariba akiwa amepakwa matope ya mtoni, na kope haitakiwi ipepese. Nilimwona kaka yangu akisimama hivyo, na sina neno baya la kusema. Ninachosema ni kwamba kijana aliyelelewa akiamini kwamba mwanamume harudi nyuma huja kwangu na imani hiyo ikiwa imekomaa, nami huwa na kazi ya kumfunza kurudi nyuma. Karate nzima imejaa hatua za kurudi nyuma. Kuna hatua ya kwenda kando, ya kuzunguka, ya kuachia. Wanafunzi huzifanya vizuri sana ukumbini. Taabu ni barabarani.

Sasa tuje kwa huyo kijana wa mwaka uliopita. Jina lake nitalihifadhi. Ni mwendeshaji bodaboda wa Bungoma, umri wake miaka 24, amefunzwa nami kwa miaka mitano na ana mkanda wa kahawia, yaani kabla ya ule mweusi. Novemba hiyo, kama saa mbili usiku, alimbeba abiria aliyetaka kupelekwa njia ya vumbi nje ya mji, penye miwa pande zote mbili. Walipofika katikati, abiria alimkaba shingo kutoka nyuma, na wawili wakatoka miwani na mapanga.

Kijana alizima pikipiki. Alishuka taratibu, akanyosha mikono mbele viganja vikiwa wazi, akasema, "Chukueni, ndugu zangu, ufunguo uko hapo." Akatoa simu, akaiweka juu ya kiti. Kisha akarudi kinyumenyume hatua baada ya hatua, macho yakiwa kwenye yale mapanga, hadi alipopata nafasi ya kutosha. Ndipo akageuka na kutimua mbio kukata miwa, akaenda kugonga mlango wa nyumba ya kwanza aliyoona ina taa.

Pikipiki ilikuwa ya mkopo. Ilikuwa imebakisha miezi saba.

Kesho yake pale steji walimcheka hadi machozi yakawatoka. Ati mkanda wa kahawia! Ati kila Jumamosi unapiga kelele kama paka, na siku ya siku unatoa ufunguo! Mmoja alimwomba amfunze hiyo karate ya kukimbia. Habari zikaenea mtaani, na kabla ya Jumamosi kufika, wazazi wa watoto kumi na mmoja walikuwa wamenitumia ujumbe kwamba watoto wao hawatakuja tena. Sikuwalaumu. Mtu anapolipa ada anataka kuona alichonunua.

Jumamosi yenyewe baba wa kijana alikuja darasani. Mzee wa miaka sitini na kitu, mkata miwa tangu ujana wake, mikono kama mizizi ya mvule. Alinisalimu kwa heshima, akakaa kwenye dawati, akangoja tumalize mazoezi ya kupasha mwili moto. Kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu amekulipa miaka mitano. Nimekuja kuuliza amejifunza nini."

Sikumjibu kwa maneno. Nilichukua rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao, nikaipaka chaki nyekundu ukingoni kote, nikampa. Nikamwambia, "Papa," maana ndivyo tunavyowaita wazee kwetu, "hili ni panga lako. Wakate hawa vijana wangu kama unavyokata miwa. Wao watajikinga kwa kila nilichowafunza. Tafadhali usiwahurumie." Mzee alisita kidogo, kisha akavua koti.

Alianza na mkanda wa kahawia mwingine, kijana mwepesi kama swala. Baada ya sekunde nne au tano mavazi meupe ya yule kijana yalikuwa na mistari miwili myekundu mkononi na mmoja chini ya sikio. Akaja wa pili, ambaye alifanikiwa kuushika mkono wa mzee, lakini wakati huo tayari alikuwa na mstari kutoka begani hadi kifuani. Wa tatu vivyo hivyo. Darasa zima likanyamaza. Ndipo nikafunga mkanda wangu vizuri, nikaingia mwenyewe. Nilimpokonya mzee ile rula, si haba, na nilikuwa na mstari mmoja kwenye kigasha na mwingine juu kidogo ya kiwiko.

Mzee aliitazama mistari hiyo kwa muda mrefu. "Hata wewe, mwalimu?"

"Hata mimi, papa."

Akavaa koti lake. Akamtazama mwanawe, akasema kwa Kibukusu kwamba waende nyumbani wakale.

Msomaji wangu, zoezi hilo la chaki si ubunifu wangu, hufanywa na walimu wengi duniani, nami nakushauri ulijaribu nyumbani na kijiti chochote kabla ya kumruhusu mtoto wako aamini filamu. Ukumbini tunaanza kwa kuinamiana. Tunajua nani atashambulia, umbali ni ule ule, na mwamuzi yupo. Mtu mwenye panga aliye hatua tatu kutoka kwako hufika kabla hujamaliza kufikiri. Mwili nao huwa umebadilika: moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanaona lile panga tu na hayaoni mtu wa pili. Yale mateke ya juu yanayopendeza siku ya mashindano hayapatikani hapo hata kwa dawa. Kinachobaki ni vitu duni ambavyo mwanafunzi alivirudia mara elfu bila kuvithamini: kupumua, kuweka mikono mbele, kutoka kwenye mstari wa shambulio, kutoganda kama sanamu. Yule kijana alivitumia vyote vinne. Kwangu huo ndio mtihani wa mkanda mweusi, ijapokuwa hakuna cheti kinachotolewa miwani.

Wapo watakaosema, je, kama angekuwa na mshambulizi mmoja asiye na silaha? Hapo ni mambo mengine, na kijana wangu angemweka chini. Lakini hata hapo ana mipaka. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya sheria za Kenya, kinataka suala la nguvu aliyotumia mtu kujilinda au kulinda mali yake liamuliwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza itokanayo na maamuzi ya mahakama. Kwa lugha ya sokoni ni kwamba nguvu yako isipite hatari iliyokukabili. Ukimpiga mwizi akaanguka, kisha ukaendelea kumpiga akiwa chini, kesi imegeuka kuwa yako. Nasema hivi kwa sababu mjini kwetu sauti ya "mwizi!" huleta mawe na magurudumu ya kuchoma mtu katika muda wa dakika mbili, na wanafunzi wangu nimewakataza kabisa kusogea penye kundi la namna hiyo.

Pikipiki haikupatikana. Mkopeshaji hakutaka kusikia habari za mapanga, alitaka pesa zake, na kijana angali anazilipa huku akiendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa malipo ya siku. Darasa tulichanga kidogo. Watoto saba kati ya wale kumi na mmoja walirudi. Wanne hawakurudi, na nasikia wawili wanafunzwa mahali pengine na mtu anayewaahidi kuwafunza kunyang'anya bunduki.

Kuna upande mwingine wa hii habari ya kujilinda, nao huwa siupendi kuukumbuka. Mapema mwaka 2008, baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na nchi kuwaka moto, Kitale ilijaa watu waliokimbia makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuka kambi. Darasa langu la Kitale lilikuwa na wanafunzi 26: Waluhya, Wakalenjin, Wakikuyu, Waturkana, Mkisii mmoja na mtoto wa Mhindi mwenye duka. Jioni moja wanaume wawili wa mtaani, watu ninaowafahamu, walibisha hodi nyumbani. Walikuwa na adabu sana. "Mama," wakasema, "tunajua una vijana wenye nguvu. Mtaa unahitaji kulindwa." Nikauliza mtaa ulindwe dhidi ya nani. Hawakusema, ila wakanitajia majina ya vijana waliowataka, na yote yalikuwa ya upande mmoja.

Niliwaambia ufunguo wa ukumbi uko kwa mchungaji na kwamba mimi sina vijana, wana wazazi wao. Usiku huo huo mume wangu nami tulipiga simu kwa kila mzazi tuliyeweza kumpata: hakuna mazoezi hadi mtakapojulishwa, na mtu yeyote akiwaita watoto wenu kwa jina la karate, si mimi niliyemtuma. Kwa majuma kadhaa kuna jirani hawakunisalimu.

Kwa nini nilikataa? Nilikuwa nimeona kutoka karibu neno "kulinda" linaweza kubeba nini. Kule Mlima Elgon, tangu mwaka 2006, kulikuwa na wapiganaji waliojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaoti. Hao walinzi walikata watu masikio, wakaua, wakachoma nyumba, na jamaa nyingi kutoka sehemu za Cheptais na Kopsiro zikamiminika Bungoma na Kitale zikiwa na magodoro kichwani. Machi 2008 serikali ikapeleka wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha, nao pia wakalaumiwa kwa kuwatesa wanaume waliowakusanya huko. Wengi wa vijana waliobeba silaha upande ule hawakuwa wakubwa kuliko wanafunzi wangu.

Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na katikati ya Machi nikafungua ukumbi. Walikuja 17. Sikutoa hotuba. Niliwapanga wawili wawili kama walivyokuwa wamepangwa Desemba, wakainamiana, tukaanza kuhesabu ngumi. Msichana mmoja alikuwa akilia huku akipiga, na mwenzake, ambaye watu wake walikuwa wakishutumiwa kuwafukuza watu wa msichana, aliendelea kukinga bila kusema neno. Wale tisa wengine, sita walikuwa wamehamia mbali na familia zao.

Nikirudi kwa mambo ya siku hizi, ninaloulizwa zaidi na akina mama ni juu ya binti zao. Hapa nina maneno machache na ya wazi. Binti hafunzwi kwanza ngumi, anafunzwa sauti. Katika darasa langu msichana mgeni husimama mbele ya wenzake na kupaaza "Hapana!" hadi madirisha yatetemeke, na huchukua majuma kadhaa kabla ya wengi kuweza, kwa maana tangu utotoni wameambiwa msichana mwenye adabu huongea polepole. Jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanywa mitaani Nairobi miongoni mwa wasichana waliopewa mafunzo ya saa 12 tu, yanayoanzia kwa sauti na kukataa kabla ya mateke. Zaidi ya nusu yao walieleza kwamba katika mwaka uliofuata waliyatumia kuzuia shambulio la ubakaji. Aidha, kule Korogocho kuna nyanya zetu waliojiunga katika kikundi cha Cucu Jikinge wakajifunza kupiga pua na koo. Mtu akikuambia umri umekupita, mtajie hao.

Hata hivyo sitaki kukudanganya, mama. Mara nyingi anayemdhuru mtoto si mtu wa kichochoroni, ni mtu anayemjua: jirani, mjomba, mwalimu, mtu ambaye mtoto ameambiwa amwamkie. Kiwiko nilichomfunza hakitamsaidia sana kama hawezi kuja kwako akakuambia, au akikuambia wewe unamnyamazisha kwa ajili ya jina la ukoo. Nimeona yote mawili. Likitokea, mpeleke hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya muda huo. Asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Nambari 116 ni ya kusaidia watoto, nayo ni bure.

Wazazi wengine huja na hamu ya medali. Nao wana haki, kwa kuwa Faith Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, hapa hapa Bungoma, alipopata nishani ya fedha ya taekwondo katika Michezo ya Afrika ya 2019 na kufuzu mjini Rabat, Februari 2020, kwenda Olimpiki ya Tokyo. Tokyo hakupata medali, lakini siku aliyoshindana, Julai 2021, sisi huku tuliacha kazi zote. Ila fahamu kwamba hiyo ni taekwondo, ya Wakorea. Karate iliingizwa katika Olimpiki ya Tokyo na ikatolewa tena ile ya Paris mwaka 2024, kwa hivyo anayemtafutia mwanawe Olimpiki asije kwangu.

Ukitafuta mwalimu, usiangalie picha za ukutani. Nenda ukakae nyuma ya ukumbi siku mbili bila kusema chochote. Tazama anavyomshika mtoto anapomrekebisha, tazama mtoto mdogo akiumia anaambiwa nini, na tazama mwanafunzi mwenye nguvu anafanywa nini akimwonea mnyonge. Mwalimu asiyetaka wazazi watazame, ondoka na mwanao siku hiyo hiyo. Vazi jeupe lisikusumbue mapema, suruali ya mchezo na fulana zatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Mimi natoza Sh500 kwa mwezi, na asiye nazo hufagia darasa na kurudisha madawati mahali pake. Bungoma tunaanza saa tatu asubuhi. Viatu huachwa mlangoni.